Mhusika Asiye na Kinywa: Maduka ya Wahusika na Mavazi ya Barabarani katika Harajuku

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kusoma kama matini vitu viwili ambavyo mhakiki wa fasihi hajazoea kuvikaribisha mezani pake: duka la bidhaa za wahusika wa Kijapani, na mavazi ya vijana wa mtaa wa Harajuku mjini Tokyo. Vitu hivi vimekwisha kuandikwa sana na wanaanthropolojia, wanasosholojia na wataalamu wa biashara. Mhakiki wa fasihi amechelewa, na yamkini amechelewa kwa sababu ya haya: paka mweupe mwenye utepe kichwani na msichana aliyevaa marinda ya lesi si mambo ambayo msomi hujivunia kuyaandikia makala. Tutajaribu kuonyesha kwamba haya hiyo yenyewe ina historia, na kwamba inaficha suala la kifasihi kabisa, nalo ni suala la nani ana kinywa cha kusemea. (Majina ya Kijapani tumeyaandika kwa utaratibu wa kwao, jina la ukoo likitangulia.)

Neno linalotawala uwanja huu ni kawaii. Hutumika kueleza sifa ya kitu kidogo, laini, cha kupendeza na kinachovuta huruma. Kiswahili hakina neno moja linalolitosheleza: "-zuri" halibebi ile hisia ya kutaka kukilinda kitu kinachotazamwa. Tutalitumia neno lenyewe. Wahakiki wengi, Wajapani na wageni, wameifasiri kawaii kama utoto, yaani ukataaji wa kukua. Kinsella (1995), ambaye uchunguzi wake ungali unarejelewa, anaona ndani yake uasi wa kimyakimya wa vijana wasiotaka majukumu ya utu uzima katika jamii iliyowarundikia majukumu mengi mno. Naye msanii Murakami Takashi, katika maonyesho aliyoyaandaa New York mwaka 2005 kwa jina la Little Boy, aliufungamanisha utoto huo na kushindwa kwa Japani vitani na kuishi kwake chini ya ulinzi wa Marekani. Jina la maonyesho yale ni jina la bomu lililoangushwa Hiroshima.

Hoja ya utoto ina uzito, lakini ina nasaba inayopaswa kututahadharisha. Mwezi wa Mei 1951, Jenerali Douglas MacArthur, ambaye hadi mwezi uliotangulia alikuwa akiitawala Japani kwa niaba ya washindi wa vita, aliliambia Baraza la Seneti la Marekani kwamba kwa kipimo cha ustaarabu wa kisasa Wajapani walikuwa kama mvulana wa miaka kumi na miwili. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa uzito wa lugha hii. Katika nyumba za walowezi, mwanamume mwenye mke na wajukuu aliitwa boi, na hakuna aliyeona ajabu. Kumwita mtu mzima mtoto ni njia mojawapo ya kumwondolea haki ya kusema. Kwa hiyo mhakiki anayetoka katika historia yetu hana budi kusita kabla ya kulitumia neno "utoto" kama hitimisho la uchambuzi. Neno hilo linaweza kuwa mahali pa kuanzia tu.

Hoja yetu kuu ni hii: kinachounganisha duka la wahusika na mavazi ya barabarani si utoto bali ni ukimya, ishara isiyo na kinywa ambayo maana yake hukamilishwa na anayeinunua au anayeivaa. Ukimya huo ni uhuru, kwa kuwa mvaaji hapangiwi la kusema. Lakini ni udhaifu pia, kwa kuwa ishara isiyo na kinywa haiwezi kumkatalia yeyote anayetaka kuisemea.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulisikiliza jambo hili. Sisi tumelelewa na nguo inayosema. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na mtu anayeinunua huuliza jina kabla ya kuuliza bei. Tena, kwa miongo kadhaa ya karne ya ishirini kanga nyingi zilizovaliwa katika pwani yetu zilipigwa chapa Japani kwa maagizo ya wafanyabiashara wa huku. Maneno yalikuwa yetu, mitambo ilikuwa yao. Jamii iliyotupigia chapa nguo zenye kinywa ndiyo iliyokuja kuuuzia ulimwengu mhusika asiye na kinywa. Hatudai kwamba jambo la kwanza lilisababisha la pili. Tunadai tu kwamba anayejua kuisoma kanga hawezi kuuona ukimya wa nguo kama jambo la kawaida lisilohitaji maelezo.

2.0 Mhusika bila Hadithi

Kampuni ya Sanrio ilianzishwa na Tsuji Shintaro mwaka 1960 kwa jina jingine lililohusu hariri, ikachukua jina lake la sasa mwaka 1973. Husimuliwa kwamba katika miaka yake ya awali Tsuji aligundua kuwa ndara za mpira zilizochorwa ua ziliuzika vizuri kuliko zile zilizokosa ua. Kisa hiki kidogo kina nadharia nzima ndani yake. Ndara ni ile ile na mpira ni ule ule. Kilichoongezwa ni ishara, na mnunuzi analipia ishara hiyo. Mwaka 1971 kampuni ilifungua duka lake la kwanza la vijizawadi huko Shinjuku. Mwaka 1974 mchoraji Shimizu Yuko akamchora Hello Kitty, na mwaka uliofuata bidhaa yake ya kwanza ikaingia sokoni: kibeti kidogo cha sarafu, bei yake yen 240.

Tukitazame kibeti hicho kwa makini kama tunavyoutazama ukurasa wa kwanza wa riwaya. Mhusika ameketi upande, uso ameugeuzia kwetu, kati ya chupa ya maziwa na bakuli lenye samaki. Ana macho, ana pua, ana masharubu ya paka, ana utepe. Hana kinywa. Juu ya kichwa chake limeandikwa neno la maamkizi la Kiingereza. Yaani maamkizi yapo, ila hayakutoka popote. Hayajafungiwa katika kiputo cha mazungumzo kama katika katuni, wala hayana mkia wa kuyaunganisha na msemaji. Yanaelea hewani yakisubiri mtu wa kuyadai. Katika kanga, jina hukaa chini ya mji na hudaiwa na anayejifunga. Katika kibeti hiki, neno liko tayari lakini mwenyewe hajapatikana.

Uhakiki wetu umezoea kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Kitty anautia mgawanyo huo mashakani. Hakuna aliye bapa kumshinda: hana mabadiliko, hana mgogoro, na hata uso wake ni mduara uliolala juu ya karatasi bila kivuli. Alizaliwa akiwa na wasifu bila kuwa na hadithi. Tunaambiwa jina lake la ukoo ni White, ana pacha, anaishi viungani mwa London, kimo chake ni cha matofaa matano na uzito wake ni wa matofaa matatu. Hizi ni habari za kitambulisho. Hazina tukio. Filamu na vitabu vilikuja baadaye, na havikuwa sababu ya yeye kupendwa. Hata hivyo, kwa wale waliokua naye, Kitty ana undani ambao wahusika wengi wa riwaya hawaufikii. Kampuni yenyewe imeeleza kwamba kukosa kinywa kunamwezesha mtazamaji kuweka hisia zake mwenyewe usoni mwake: mwenye furaha amwone ana furaha, mwenye huzuni amwone ana huzuni. Uduara wa mhusika huyu haumo ndani yake. Umo katika msomaji.

Otsuka Eiji, katika kitabu chake kuhusu ulaji wa masimulizi (1989), alieleza kwamba mnunuzi wa vitu vidogo vidogo vya utamaduni pendwa, kama vile stika zilizofungwa pamoja na peremende, hakuwa ananunua kitu chenyewe bali kipande cha simulizi kubwa lililojificha nyuma ya vitu hivyo. Azuma Hiroki (2001) alijibu kwamba kwa kizazi kilichofuata simulizi kubwa limekwisha kutoweka, na kilichobaki ni ghala la sifa, kama nywele, masikio na utepe, ambamo mhusika mpya huundwa kwa kuchagua na kuunganisha. Kitty hakai vizuri katika nadharia yoyote kati ya hizi mbili. Nyuma yake hapakuwahi kuwa na simulizi kubwa la kutoweka. Simulizi liko mbele yake, kwa yule anayekishika kibeti.

Ni muhimu kutanabahisha kwamba chimbuko la hali hii si duka peke yake. Katika miaka ya sabini wasichana wa shule nchini Japani walianza kuandika kwa hati mpya ya mviringo, herufi zilizonenepa, zilizoandikwa kwa mlalo badala ya wima, zikipambwa kwa mioyo, nyota na nyuso ndogo. Yamane Kazuma alizichunguza hati hizo katika kitabu cha mwaka 1986. Shule kadhaa zilizipiga marufuku. Kwa mtu wa idara ya fasihi, jambo hili ni la msingi: kabla ya kuwa bidhaa, kawaii ilikuwa mwandiko. Wasichana walioagizwa kuandika kwa hati ya walimu walijibunia hati yao, nao wafanyabiashara wa kalamu na daftari wakaifuata wakiiuzia karatasi. Anayesema kwamba kampuni ziliwapumbaza wasichana hana budi kueleza ni vipi wasichana walitangulia.

3.0 Barabara kama Ukurasa

Kutoka dukani tuingie barabarani. Si mwendo mrefu, kwa kuwa katika Harajuku duka na barabara vinatazamana. Omotesando ni barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya waendao kuabudu katika hekalu la Meiji. Baada ya vita, makazi ya wanajeshi wa Marekani na jamaa zao, yaliyoitwa Washington Heights, yalijengwa karibu nayo, yakabaki huko hadi ardhi ile iliporudishwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1964. Maduka yaliyolenga wageni hao yaliota kandokando ya barabara. Kiddy Land, ambalo leo ni miongoni mwa maduka mashuhuri ya wahusika, lilianza katika miaka hiyo ya baada ya vita kama duka la vitabu. Njia ya ibada, kambi ya mshindi, duka la vitabu, duka la vikaragosi: hizi zote zimeandikwa juu ya ukurasa mmoja bila maandishi ya awali kufutika kabisa.

Mwaka 1977 barabara hiyo ilianza kufungwa Jumapili ili watu wa miguu waitumie peke yao. Bila uamuzi huo wa kiutawala, tusingekuwa na la kuchambua. Vijana walipata jukwaa. Kuelekea mwisho wa mwongo huo lilitokea kundi lililoitwa takenoko-zoku, kwa jina la duka lililowauzia mavazi mapana ya rangi kali, nao wakawa wanacheza dansi barabarani kwa makundi. Jengo la maduka la Laforet lilifunguliwa mwaka 1978. Zikafuata bendi za muziki, na baada yake mitindo ambayo majina yake hayana hesabu. Mwaka 1998 utaratibu wa kufunga barabara ulikomeshwa, na magari yakarudi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1997, mpigapicha Aoki Shoichi alikuwa ameanzisha jarida la FRUiTS. Muundo wake ulikuwa sahili mno: ukurasa mmoja, kijana mmoja au wawili, wamesimama wima barabarani, wakitazama kamera. Chini yake yaliwekwa maelezo mafupi: umri, kazi au shule, na kila vazi lilikotoka. Kofia imetoka duka fulani. Shati ni mtumba. Sketi ameishona mwenyewe. Mkanda alipewa na nyanya yake, ukatolewa katika kimono. Wapo waliovaa vibanio vya watoto kumi au ishirini kichwani, na mikoba ya Kitty ikining'inia hadi magotini.

Maelezo hayo mafupi yanastahili uzito zaidi kuliko yalivyopewa. Picha peke yake ingewafanya vijana hao kuwa vioja vya kutazamwa. Maelezo yanawarudishia nafsi ya mtendaji: niliokota, nilikata, nilishona, nilichanganya. Kwa istilahi yetu, picha ni mji na maelezo ni jina. Mvaaji asiyesema neno barabarani amepata, pembezoni mwa ukurasa, kinywa chake.

Hebdige (1979), akiandika juu ya vijana wa Uingereza, alitufundisha kuiona mitindo ya vijana kama upinzani unaozungumza kwa ishara kabla ya kumezwa na soko. Kielelezo hicho hakihamishiki Harajuku bila kurekebishwa. Hebdige anahitaji kipindi cha mwanzo ambapo mtindo uko nje ya soko, halafu soko liumeze. Katika Harajuku hakuna "nje" hiyo. Kibanio cha plastiki kimenunuliwa dukani tangu mwanzo, na msichana hana nia ya kuficha kwamba kimenunuliwa. Anatutajia hata duka lenyewe. Upinzani wake, kama upo, uko katika idadi na mpangilio. Kibanio kimoja ni utiifu kwa tangazo la biashara. Vibanio ishirini ni sentensi ambayo aliyevitengeneza hakuitunga.

4.0 Rinda na Koti katika Shimotsuma Monogatari

Kufikia hapa tumesoma vitu kana kwamba ni matini. Sasa tusome matini inayosoma vitu. Riwaya ya Takemoto Novala, Shimotsuma Monogatari (2002), ambayo mwaka 2004 ilifanywa filamu na Nakashima Tetsuya, inawahusu wasichana wawili wa mji mdogo wa mashamba ya mpunga kaskazini mwa Tokyo. Momoko ni mfuasi wa mtindo unaoitwa Lolita: rinda lililotuna kama kengele, lesi, kofia ya utepe, magoti yaliyofunikwa. Ichigo ni mwanachama wa genge la wasichana waendesha pikipiki. Jina lake lina maana ya stroberi, na halilingani hata kidogo na sura anayotaka kuonyesha.

Neno Lolita linahitaji maelezo, kwa kuwa limetoka katika riwaya ya Nabokov ya mwaka 1955, na wasomaji wetu wataikumbuka kwa habari zake za mtoto anayenajisiwa na mlezi wake. Wavaaji wa mtindo huu hukanusha uhusiano huo, nao ushahidi wa mavazi yenyewe unawaunga mkono: yanafunika, yanapanua, yanamweka mtazamaji mbali. Katika riwaya ya Nabokov msimulizi ni yule mwanamume, na msichana hapewi nafasi ya kujisimulia. Katika riwaya ya Takemoto msimulizi ni msichana aliyelivaa jina hilo, naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa ulimi mkali, mwanzo hadi mwisho. Jina lilibebwa hadi Japani likiwa limeshindiliwa maana ya mtu mwingine, likamwagwa, likajazwa upya. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa ishara iliyobadilishiwa mwenyewe.

Riwaya hii imejengwa juu ya aina tatu za nguo. Kwanza ni nguo bandia. Baba yake Momoko aliishi kwa kuuza mavazi ya kughushi yenye jina la Versace, na ni kwa kuuza masalio ya nguo hizo kwamba Momoko anapata fedha za kununulia marinda yake na kwamba anakutana na Ichigo, aliyekuja kununua. Nguo hizi zina maneno, tena makubwa, lakini maneno hayo ni uongo. Pili ni rinda la Momoko, analolifuata kwa treni hadi duka la Baby, the Stars Shine Bright, duka ambalo lipo kweli tangu mwaka 1988. Rinda hili halina neno hata moja. Tatu ni koti refu la Ichigo, vazi la magenge ya pikipiki ambalo hutariziwa viapo na majigambo kwa herufi nzito, na ambalo jina lake la Kijapani linawakumbusha watu marubani waliojitoa mhanga vitani. Hiyo ni nguo inayosema kwa sauti ya juu kabisa.

Nguo inayodanganya, nguo inayonyamaza, nguo inayopiga kelele: mwandishi angeweza kutuachia mgawanyo huu ukiwa umetulia. Badala yake anauvuruga kwa tukio moja ambalo kwetu ndilo kitovu cha riwaya. Ichigo anatamani koti lake litariziwe na fundi stadi anayesemekana kuwapo Daikanyama. Fundi hapatikani. Momoko, aliyejitangaza kuwa hahitaji rafiki wala hajali la mtu, anajitolea kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Tukio hili linakanusha fasiri ya utoto kwa namna ambayo hoja za wanasosholojia haziwezi. Msichana wa rinda lisilo na neno ndiye anayejua kuandika juu ya nguo. Ukimya wake, basi, si upungufu wa mtu asiyejua kusema. Ni uteuzi wa mtu anayeweza kusema na ameamua nani amsemee na wapi. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa riwaya hii ni sindano inayopita katika koti la mtu mwingine. Tena, yeye haandiki maneno yake mwenyewe. Anamtarizia rafiki yake maneno ya rafiki yake. Anayejua jinsi kanga inavyochaguliwa na kuzawadiwa, jina lake likiwa limepimwa kwa ajili ya atakayejifunga, atalielewa tendo hili bila mkalimani. Kumpa mtu nguo yenye neno ni kumpa kinywa.

Hata hivyo, riwaya haina budi kuulizwa swali moja gumu. Rinda la Momoko linagharimu fedha nyingi, na fedha hizo zimetokana na ughushi wa baba. Uhuru wa ukimya wake umelipiwa na nguo zilizodanganya. Takemoto analiona jambo hili na kulichekea; halichunguzi. Momoko anaipenda Ufaransa ya karne ya kumi na nane, ya marinda na starehe, wala hamtaji mtu aliyeyafua marinda hayo. Kicheko cha riwaya kinatupitisha haraka mahali ambapo mhakiki angependa kusimama. Hii ndiyo kasoro yake kubwa.

5.0 Kinywa cha Kuazima

Tulisema mwanzoni kwamba ukimya ni udhaifu pia. Ushahidi wa udhaifu huo ni historia ya miaka ya karibuni. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimteua Hello Kitty kuwa balozi wa utalii kwa watu wa China na Hong Kong. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje iliwateua wasichana watatu kuwa wajumbe wa kawaii duniani: mmoja kwa mtindo wa Lolita, mmoja kwa mtindo wa Harajuku, mmoja kwa sare za shule. Mwaka 2013 ukaanzishwa mfuko wa fedha, wenye mtaji mkubwa wa serikali, wa kueneza nje utamaduni wa aina hii. Mwandiko ambao shule ziliukataza ulikuwa umepanda cheo hadi ukawa hati ya kidiplomasia.

Hatuna sababu ya kuwabeza wasichana hao watatu. Kila mmoja alikwenda alikokwenda kwa heshima yake. Tunachouliza ni swali la kisemiotiki. Kwa nini ishara hii ilikuwa rahisi hivyo kuazimwa? Jibu letu ni kwamba ilikuwa rahisi kwa sababu ile ile iliyoifanya ipendwe. Uso usio na kinywa hupokea furaha ya mtoto, na hupokea vilevile hotuba ya waziri. Asiyekuwepo na lake halipo. Na asiye na kinywa, hata akiwepo, lake husemwa na wengine. Mwaka 2014 mtafiti Christine Yano, alipokuwa akiandaa maonyesho mjini Los Angeles, alifahamishwa na kampuni kwamba Kitty si paka bali ni msichana mdogo. Watu wengi ulimwenguni walishangaa na kucheka. Sisi tunaona katika kisa hicho kukumbushwa kwamba pengo lile usoni, ambalo kila mnunuzi alidhani ni lake, lina mwenyewe kisheria.

Barabara nayo ilipatwa na yake. Mwaka 2008 na 2009 maduka makubwa ya kigeni ya nguo za bei nafuu yalifunguliwa Harajuku. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Aoki alitangaza kusimamisha FRUiTS, akieleza kwamba vijana wenye mitindo ya kupigwa picha hawapatikani tena. Mwaka huo huo majarida mengine mawili yaliyoubeba utamaduni huu, KERA na Gothic & Lolita Bible, yaliacha kuchapishwa kwa karatasi. Mavazi hayakwisha, ila ukurasa uliowapa wavaaji maelezo yao chini ya picha ulikunjwa.

Katika kipindi hicho hicho, Sanrio yenyewe ilitoa mhusika anayetufaa kama kipingamizi cha ndani. Aggretsuko, aliyejitokeza mwaka 2015 na kupata mfululizo wake kwenye Netflix mwaka 2018, ni panda mwekundu wa miaka 25, karani wa idara ya uhasibu anayeonewa na mkubwa wake wa kazi. Ana kinywa, tena kikubwa. Baada ya kazi hujifungia katika chumba cha karaoke na kunguruma muziki mzito wa hasira. Ni mhusika duara wa kwanza kupata umaarufu mkubwa katika nyumba ile ya wahusika bapa, na ni mtu mzima kabisa. Lakini tuzingatie mandhari: anafungua kinywa chumbani, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi hurudi ofisini na kutabasamu. Kampuni iliyotupa uso usio na kinywa imetupa sasa kinywa kisicho na wasikilizaji.

6.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba fasiri inayoishia katika utoto haitoshi kueleza maduka ya wahusika na mavazi ya Harajuku, na kwamba fasiri hiyo imebeba mazoea ya zamani ya kuwanyang'anya watu wazima kauli. Tumependekeza badala yake kwamba ishara hizi zisomwe kwa kuuliza swali moja kila mara: hapa nani anasema, na kwa kinywa cha nani? Kwa swali hilo, kibeti cha mwaka 1975, ukurasa wa FRUiTS, koti la Ichigo na uteuzi wa balozi wa utalii vinakuwa matini za mfululizo mmoja, zinazotofautiana kwa jibu tu.

Jibu letu si la kusifu moja kwa moja wala la kulaani. Ishara iliyoachwa wazi iliwapa wasichana wa miaka ya sabini na vijana wa miaka ya tisini nafasi ambayo hati ya mwalimu na sare ya shule hazikuwapa. Nafasi hiyo hiyo, kwa kuwa haikuwa na mlinzi, ilikaliwa baadaye na mwenye nguvu. Tofauti kati ya hali hizo mbili haikuletwa na mabadiliko katika uso wa Kitty, ambao kimsingi ni ule ule. Ililetwa na kuwapo au kutokuwapo kwa vitu vya kawaida: barabara iliyofungwa Jumapili, jarida lenye nafasi ya maelezo chini ya picha, rafiki anayejua kutarizi.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, somo hili halikomei Tokyo. Tumeisoma kanga kwa muda mrefu kama ghala la methali na mafumbo, tukayakusanya majina yake na kuyaainisha. Ni mara chache tumeuliza juu ya leso isiyo na jina, au juu ya mwanamke anayeigeuza kanga yake ili jina lisisomeke. Yeye naye amesema neno. Tukijifunza kulisikia, huenda safari yetu ya Harajuku itakuwa imeturudisha nyumbani tukiwa na masikio makali zaidi.